Ziwa, Hesabu ba Kwako

Mimi nina ulimi mbaya. Nasema mapema ili ujue unaongea na nani. Ubwari yote, rasi yetu hii ya Ziwa Tanganyika, inanijua, Adolphine, mama wa Wilfried, muuza ndagala: nikimsikia mtu akiongea mara moja, naweza kumwigiza mpaka mama yake mzazi ageuke. Namwigiza mchungaji anavyokohoa kabla ya sadaka. Namwigiza mdogo wangu Isidore, mwenye mtumbwi, anavyogombeza abiria. Na tangu mwanangu Wilfried aoe, nilikuwa namwigiza mke wake, Concilie.

Concilie ni mtoto wa wakimbizi wa Burundi, watu wa jembe, wenye mihogo yao na maharage yao. Wilfried alimpata mjini Baraka, ng'ambo yetu, ambako anaendesha pikipiki. Sikumtaka, na sikuficha. Nilitaka mukamwana aliyezaliwa ziwani, mwenye kujua kuanika ndagala na kupima upepo kwa shavu. Huyu ukimtuma kuchota maji anasimama pale yanapomfika kwenye vifundo vya miguu, anainama haraka haraka kama anaiba. Sauti yake ni nyembamba, na mwishoni inapanda, utadhani anaomba ruhusa ya kusema. Jioni, tukianua ndagala mchangani, niliitoa sauti ile na wanawake wenzangu wakashika mbavu. Siku moja nilipogeuka nikamkuta nyuma yangu, karai kichwani. Alitua karai, akaanza kuokota samaki pamoja na sisi.

Alikuwa amekaa kwangu wiki tatu, kwa sababu ziwa lilipopanda lilimeza chumba chao cha Baraka na Wilfried alikuwa anaezeka kingine huko juu. Sasa paa lilikuwa limekwisha, naye Concilie alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Nikasema nitamrudisha mwenyewe siku ya soko, katika mtumbwi wa Isidore, nikipeleka mifuko yangu minne ya ndagala.

Tulikuwa watu tisa. Mbele kabisa aliketi Jacques, mpiga kasia wa Isidore wa miaka yote. Nyuma yake ndugu wawili wavuvi, kisha Mama Espérance wa kanisani, kisha mwalimu na mke wake, kisha Concilie, kisha mimi, na nyuma kwenye injini, Isidore. Jileti za kuelea majini zilikuwa mbili. Moja alikuwa ameivaa mke wa mwalimu, nyingine nilikuwa nimeikalia, maana ubao wa mtumbwi unaumiza.

Concilie alikuja na bidoni tupu la manjano la lita ishirini. Alikuwa amelifunga kwenye kifundo cha mkono kwa kipande cha kitenge, mafundo matatu.

"Hiyo ni ya nini?" nikamuuliza.

"Nimeogopa, mama. Sijui kuogelea."

"Hata mi sijui. Nimezaliwa hapa, nimevuka mara elfu. Sasa batu bataona mukamwana wangu amefungwa kama mbuzi ya soko."

Alitabasamu kidogo, lakini hakulifungua.

Tuliondoka saa mbili ya asubuhi, ziwa limelala. Mbele tuliona milima ya Fizi, kijani juu ya kijani. Mpaka saa tatu na nusu tulikuwa tunapiga soga. Halafu upande wa kusini mbingu ikawa nyeusi chini na nyeupe juu, na Jacques akageuka kumtazama Isidore. Mimi nilimwona Jacques akitazama. Nikasogeza mifuko yangu karibu hapohapo, kwa sababu Jacques si mtu wa kutazama nyuma.

Mvua ilitufikia kama ukuta. Sijui niseme namna gani. Milima ilikuwapo, kisha haikuwapo. Baraka haikuwapo. Nikitazama mbele niliona mpaka kwa mke wa mwalimu, na baada yake weupe mtupu. Wimbi la kwanza liliingia juu ya injini, injini ikakohoa mara mbili, ikazima.

"Motere imekunywa mayi," Isidore alisema. "Bote chini. Mufunike turubai. Banaume, makasia."

Tukavuta turubai la bluu juu ya vichwa vyetu, sisi tusiopiga kasia. Mimi nikalivutia kwangu zaidi, ukweli ndio huo, maana maji yalikuwa yananiingia shingoni. Upande wa Concilie likabaki wazi. Mwalimu naye akachukua kasia. Ndipo Isidore akaanza wimbo.

Huu si wimbo wa kufurahisha watu. Wazee wetu Wabembe waliuimba kwa Kibembe, sisi tunauchanganya tu. Hauimbwi nchi kavu, wala hauimbwi kukiwa kweupe, bali pale tu ambapo waliomo mtumbwini hawawezi kuonana. Nahodha anauliza, na kuanzia mbele kila mtu anajitaja jina lake kwa zamu, na kila jina ni pigo moja la kasia. Likifika nyuma, nahodha anafunga, wote wanaitikia, na wimbo unarudi mbele. Hivyo nahodha anajua, bila kugeuza kichwa, kwamba watu wake wote wamo. Jina likikosekana, mtumbwi unasimama.

"Mutumbu ya baba yetu," Isidore aliimba, "nani iko ndani?"

"Mi niko, Jacques niko."

Ndugu wawili wakaitika. Mama Espérance akaitika huku meno yanagongana. Mwalimu, mke wa mwalimu. Kisha kile kisauti, "Mi niko... Concilie niko," kikiwa kimechelewa pigo zima. Kisha mimi. Kisha Isidore, na wote:

"Ziwa, hesabu ba kwako. Ba kwetu tuko bote."

Katika wimbo huu mtu mzima hujiitikia mwenyewe. Mtoto wa mgongoni huitikiwa na mama yake, basi. Hilo nalijua tangu nikiwa mtoto wa mgongoni mimi mwenyewe.

Mzunguko wa pili Concilie alichelewa tena. Alikuwa anatapika. Makasia yakagongana, na Jacques akafoka huko mbele, "Nani anavunja wimbo?" Nilisikia aibu. Katikati ya kifo kile, nilisikia aibu juu ya mukamwana wangu. Mzunguko wa tatu, jina lilipomfikia akiwa ameinamisha kichwa nje ya turubai, nilifungua kinywa nikatoa sauti yake. "Mi niko, Concilie niko." Nyembamba, yenye kupanda mwishoni, na kwa wakati wake barabara. Kisha nikaitika yangu kwa sauti yangu. Hakuna aliyejua. Makasia yalikwenda sawa.

Chini ya turubai mkono wake wa baridi ulinitafuta, ukanibana vidole.

"Asante, mama," akasema.

Alisema kwa moyo wote. Mimi niliyemcheka wiki tatu nzima, aliniambia asante. Nikambana vidole na mimi. Nilikuwa naogopa sana, na mkono wa mtu ni mkono wa mtu. Kisha akajivuta tena ukingoni kutapika, na mimi nikajifunika kichwa nisione mawimbi.

Niliitika kwa ajili yake mzunguko wa nne, na wa tano, na sijui mingapi. Ikawa mazoea. Midomo ilifanya kazi na akili ilikuwa inasali.

Halafu likaja wimbi lile. Halikutoka nyuma kama mengine, lilitoka ubavuni. Mtumbwi ulilala upande, mfuko wangu mmoja wa ndagala ukanipita miguuni, watu wote wakapiga kelele kwa pamoja, na maji yakatujaa mpaka magotini. Nilishika ubao kwa mikono yote miwili. Mtumbwi ukainuka. Mama Espérance alikuwa anamwita Yesu bila kupumzika. "Mutoe mayi!" Isidore alipaza sauti, kisha hapohapo, bila kusubiri, "Mutumbu ya baba yetu, nani iko ndani?"

Jacques yuko. Ndugu yuko, ndugu yuko. Espérance yuko. Mwalimu, mke wake.

"Mi niko, Concilie niko," nikasema.

"Mi niko, Adolphine niko."

"Ba kwetu tuko bote."

Ni baada ya hapo nilipoupeleka mkono wangu mbele. Niligusa mfuko. Nikapapasa mbele ya mfuko, nikagusa ubao uliolowa, kisha ukingo, kisha mvua. Nikalifunua turubai. Palikuwa na kandambili moja ya Concilie inaelea katika maji ya mtumbwini. Yeye hakuwapo.

Nilitaka kupiga ukelele, na ukelele haukutoka, na sasa nitakueleza kwa nini, ingawa ni heri nisingejua. Nilijua kwamba nikisema, Isidore atageuza mtumbwi. Kugeuza katika mawimbi yale ni kulitegea ziwa ubavu. Wimbi lingine kama lile likitukuta tumekaa upande, tumekwisha, wote wanane, na mimi sijui kuogelea. Nilijua pia kwamba nikisema, nitaulizwa nani aliyeitika. Mambo yote mawili yalinijia kwa pamoja. Lipi lilitangulia, sitaki kuapa.

Na wimbo ulikuwa umekwisha kurudi mbele. Jacques yuko. Wale ndugu. Espérance, ambaye sasa alikuwa analia katikati ya jina lake. Mwalimu. Mke wake.

Nikaitika. Nikijua, nikaitika. "Mi niko, Concilie niko." Ilitoka vizuri kuliko zote nilizowahi kuitoa kule mchangani.

Kisha nikaitika jina langu, na wote wakaliambia ziwa lihesabu wa kwake, na makasia yakachota maji, na tukasogea mbele.

Nilijisemea kwamba amekwisha kufa. Nilijisemea kwamba Mungu anaona wanane ni wengi kuliko mmoja. Nikamfikiria Wilfried amesimama ufukoni na pikipiki yake, amekuja kumpokea mke wake, na nikajikuta tayari natafuta maneno ya kumwambia. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko nilivyoliogopa wimbi. Nilikuwa napanga uongo wa msiba, na mtu mwenyewe hajatimiza hata dakika tano majini.

Wimbo ukarudi tena. Mke wa mwalimu akaitika. Nikafungua kinywa, na sauti ya Concilie haikuja. Ilikuja yangu.

"Concilie haiko."

Niliisema katika mapigo ya wimbo, ndivyo ilivyotoka, na jina langu likafuata nyuma yake. Isidore, kwa mazoea, alifunga, na watu wawili watatu walikwisha kuimba "ba kwetu tuko bote" kabla maneno hayajawaingia. Kisha makasia yakanyamaza.

"Unasema nini, yaya?" Isidore aliniuliza; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Concilie ameanguka mu mayi. Ile wimbi ya upande."

"Ile wimbi imepita. Tumeimba. Ameitika, nimemusikia."

"Ni mi niliitika."

Nilipogeuka nilimwona Isidore anainua uso wake wenye maji, akanitazama, na sijawahi kutazamwa hivyo na mtoto niliyembeba mgongoni. Halafu akasema, kwa upole kabisa, "Jacques, tunarudi."

"Tutapinduka, shefu," akasema mmoja wa wale ndugu.

"Tutapinduka basi. Piga kushoto."

Waligeuza. Nilifumba macho. Mtumbwi ulipanda, ukalala, nikasikia maji yanamiminika ndani kwa utulivu kama ya kumimina ndooni, nikasema moyoni sasa ndiyo sasa. Mama Espérance alikuwa ameacha kusali, anachota maji kwa bakuli lake la chakula, haraka, haraka, haraka. Kisha tukawa tumegeuka, na mvua ilikuwa inatupiga usoni badala ya mgongoni.

Mvua ilikuwa inapungua, lakini weupe haukuondoka. Isidore akaamuru makasia yatulie. Akaimba peke yake, kwa sauti ya juu ambayo sikujua anayo:

"Mutumbu ya baba yetu, nani iko inje?"

Tukasikiliza. Mawimbi tu. Akaimba tena. Kwa mbali, upande wa kulia, nyembamba, ikipanda mwishoni, nikaisikia.

"Mi niko."

"Huyu hapa," nikasema. "Kulia. Isidore, kulia."

Hakuna aliyesogeza kasia.

"Yaya, nyamaza," Isidore alisema.

"Haiko mi. Ni yeye."

"Mama Wilfried," Jacques akasema bila kugeuka, "hii haiko saa ya michezo."

Ndivyo nilivyovuna. Waliisikia, wote waliisikia, na wote walikuwa wananitazama kinywa. Niliapa kwa Mungu, niliapa kwa marehemu mama yetu. Kadiri nilivyoapa ndivyo mke wa mwalimu alivyojisogeza mbali nami. Na huko majini mtu alikuwa anaita, na kila alipoita walizidi kunikasirikia mimi.

Nikachukua ncha ya kitenge changu, nikajisukumia kinywani. Nikasukuma mpaka nikakaribia kutapika, nikaweka mikono yote miwili juu ya kichwa waione.

"Imba," mwalimu akamwambia Isidore.

Isidore akaimba. Sisi sote tukakaa kimya, mimi na kitenge changu mdomoni, machozi na kamasi vinanitoka. Jibu lilikawia. Nikasema moyoni amechoka, amechoka kwa kutuita wakati wao wananitazama mimi.

"Concilie niko..."

"Kulia!" Jacques alisema, na makasia yakashuka yote kwa pamoja.

Tulimkuta amelilalia bidoni lake, kitenge kimekaza kwenye kifundo cha mkono mpaka vidole vimekuwa vya bluu. Niliitupa jileti niliyoikalia, ikaangukia mahali ambapo haikumfaa kitu. Wale ndugu wawili ndio waliomvuta, mmoja kwa mkono, mmoja kwa gauni, wakamlaza juu ya mifuko yangu kama kambare. Alitapika maji. Akashika tumbo lake la chini kwa mikono miwili, akabaki amelishika.

Hakuna aliyenizuia nilipomfuata. Nilimvua nguo zilizolowa, nikamfunika kwa turubai lote, nikaingia chini yake kumsugua miguu. Nilikuwa nalia na kuongea ovyo: mwanangu, mukamwana wangu, asante Mungu, nisamehe, sikujua, niliitika kwa mazoea, sikujua kama hauko. Hilo ndilo nililosema. Sikujua. Nilijua wale saba wengine wote wataliamini, maana mtu anaweza kukosea mara moja, na waliosikia sauti yake baada ya lile wimbi hawakuwa wamehesabu ni mara ngapi.

Isidore aligeuza tena mtumbwi kuelekea Baraka. Weupe ulikuwa bado haujafunguka, kwa hiyo akaanzisha wimbo, na Jacques akaitika huko mbele.

Concilie alifungua macho. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na wangu chini ya lile turubai la bluu.

"Niliwasikia munaimba," akasema. "Niliita. Nikasikia mi mwenyewe naitika huko mu mutumbu."

"Sikujua, mwanangu. Ndiyo nakuambia."

"Ya kwanza nilijua haujanitafuta bado. Nilisema, mama bado anafikiri niko karibu yake. Sasa atanigusa." Alimeza mate kwa shida. "Nikangojea. Halafu nikajisikia tena."

Ndugu yuko, ndugu yuko. Espérance yuko.

"Ile ya pili, mama. Ulikuwa umeshanitafuta?"

Ningeweza kumwambia hapana. Hakukuwa na shahidi isipokuwa mimi na Mungu, na Mungu hasemi ovyo. Mwalimu akaitika. Mke wa mwalimu akaitika. Zamu ikafika kwa Concilie na makasia yakangoja juu ya maji. Yeye hakuitika. Alikuwa ananitazama, midomo imefungwa, na mtumbwi mzima unangoja.

"Concilie?" Isidore aliita.

"Nilikuwa nimeshakutafuta," nikamwambia.

Alinitazama kidogo tena. Kisha akautoa mguu wake mikononi mwangu, akafunua turubai, akatoa kichwa nje kwenye mvua, na akaitika kwa nguvu ambazo sikujua mtu aliyetoka majini anaweza kuwa nazo. "Mi niko. Concilie niko."

Makasia yakapiga.

Baada yake ilikuwa zamu yangu. Isidore aliniita mara tatu kabla sijaweza kusema niko.